Kabla Hujatia Saini na Kampuni Kubwa: Mwongozo kwa Kampuni Changa za Afya Mombasa

Mwaliko wenyewe huja kwa baruapepe ya mistari mitatu: wameiona kazi yenu, wameipenda, wangetaka mzungumze. Kikao ni hoteli ya Nyali, kiyoyozi kinauma, upande wao watu saba na upande wenu wawili. Mnaonyesha programu yenu. Mmoja anauliza swali la maana, wengine wanatazama simu. Mkirudi mjini, kabla hamjamaliza daraja la Nyali, mmeshaanza kupanga mtaajiri nani.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wawili. Kampuni yetu ilikuwa ikiwakumbusha wagonjwa wa presha na sukari wa Kisauni na Likoni siku za dawa zao, na wauguzi wanne walikuwa wakizunguka kwa bodaboda kuwapima majumbani. Tulichoogopa ni kuibiwa wazo, hata tukamlipa wakili atuandikie mkataba wa kutunza siri. Hakuna aliyetuibia kitu. Tulingojeshwa tu miezi kumi na moja, kwa heshima na kwa chai, na mwezi wa kumi na moja hatukuwa na mshahara wa wauguzi.

Kwa hiyo msinitegemee kuwa mtu asiyeegemea upande. Naamini kampuni kubwa huua kampuni changa kwa kuichelewesha, tena bila nia mbaya hata chembe, na hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa imani hiyo.

Hatua ya 1: Hesabu pumzi yako

Kabla ya kikao cha pili, kaa na kalamu. Tuseme mmekubaliana huduma ya Sh600,000 kwa mwezi, malipo siku 90 baada ya invoisi. Timu yako ya watu watano inakula Sh380,000 kwa mwezi. Kazi inaanza Januari mosi.

Mwisho wa Januari unatoa invoisi ya kwanza kupitia eTIMS, mfumo wa invoisi wa mamlaka ya kodi, KRA, na juu yake umeongeza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, yaani Sh96,000. KRA wanaitaka VAT hiyo kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, umelipwa hujalipwa. Sasa twende mpaka mwisho wa Aprili, wakati malipo ya kwanza yanapotarajiwa. Umeshatoa mishahara ya miezi minne, Sh1,520,000, na VAT ya invoisi tatu, Sh288,000. Jumla ni Sh1,808,000, toa kile kidogo utakachodai kwa VAT uliyolipa kwenye manunuzi yako. Hapo bado hujashika shilingi yao.

Na ikija, haiji yote. Invoisi ni Sh696,000. Kama wao ni wakala wa KRA wa kuzuia VAT, wanakata asilimia 2 ya bei kabla ya kodi, Sh12,000. Kama kazi yenu imeandikwa kuwa ni ya ushauri, kuna kodi ya zuio ya asilimia 5, Sh30,000 nyingine. Kinachoingia benki ni Sh654,000. Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi: huduma ya matibabu yenyewe haitozwi VAT, lakini leseni ya programu inatozwa. Muulize mhasibu wako kazi yenu iko upande gani kabla ya kutaja bei, kwa sababu ukiisahau VAT kwenye bei, italipwa na mfuko wako.

Kipimo changu ni hiki: kama akiba yako haifiki mara mbili ya ile jumla ya Sh1,808,000, usiende kikao cha pili bila kuwa umeamua kuomba malipo ya awali. Sisi tulikuwa na akiba ya miezi mitano na tukajiona matajiri.

Hatua ya 2: Watafute watu watatu

Ndani ya kila kampuni kubwa kuna anayekupenda, anayelipa na anayeweza kukuzuia. Ni nadra wakawa mtu mmoja. Anayekupenda ndiye aliyekuandikia baruapepe. Mara nyingi anatoka idara ya ubunifu, ana maneno mazuri na hana bajeti. Anayelipa ni mkuu wa idara fulani ambaye kwenye kikao cha kwanza huenda hata hakuwepo. Wa kuzuia ni wengi: mwanasheria, mtu wa usalama wa mifumo, mtu wa ununuzi. Hao hawakuchukii. Hawakujui tu, na hakuna aliyewahi kufutwa kazi kwa kuiweka faili ya kampuni changa chini ya nyingine.

Uliza mapema, bila haya: fedha hizi zinatoka fungu la idara gani, na mwaka wenu wa fedha unaisha lini? Shirika la serikali hufunga hesabu tarehe 30 Juni. Ukiahidiwa mambo mwezi wa Mei, jua unaweza kuanza safari upya Julai. Uliza pia huyu anayekupenda akihamishwa Nairobi kesho, nani ataishika faili. Akicheka bila kujibu, umeshajibiwa.

Hapa nimkumbuke mama mmoja wa uhasibu, miwani imeshuka puani, aliyeishika invoisi yetu ya kwanza kama mtu anayemkagua samaki wa jana.

"Mwanangu, hii haina nambari ya LPO."

LPO ni oda rasmi ya ununuzi, ambayo kampuni huitoa kabla ya kazi kuanza. Nikamwambia bosi wa idara ndiye aliyetuambia tuanze.

"Bosi si karatasi. Mimi nalipa karatasi."

Tulikuwa tumeshafanya kazi wiki sita. Wiki hizo sita hatujalipwa hadi leo, na sina wa kumlaumu zaidi ya sisi wenyewe. Mama yule ndiye aliyekuwa mkweli kuliko wote waliokaa kwenye ile meza ya Nyali. Siku hizi nikiingia kampuni kubwa namtafuta mtu wa uhasibu mapema, namwamkia, namuuliza invoisi inapita meza ngapi na malipo hutoka siku gani za mwezi.

Hatua ya 3: Jua wanataka nini kwako

Kampuni ya bima inataka madai yapungue. Mwajiri mkubwa, awe wa bandarini Kilindini, wa viwanda vya Changamwe au wa mahoteli ya Bamburi, anataka siku za ruhusa ya ugonjwa zipungue. Kampuni ya simu inataka mteja asihame laini. Mtengenezaji wa dawa anataka dawa yake inywewe na iagizwe tena. Hospitali inataka rufaa. Hakuna ubaya katika hayo, ila kila moja litaivuta huduma yako upande wake, na utaongea lugha tofauti kwa kila mmoja.

Kisha jiulize wewe unaleta nini ambacho wao hawawezi kukijenga kwa miezi sita. Mfano wa karibu ni M-TIBA, ule mkoba wa fedha za matibabu kwenye simu uliozinduliwa 2016. Safaricom walikuwa na laini na M-Pesa, CarePay wakawa na mfumo, PharmAccess wakawa na uzoefu wa kufanya kazi na vituo vya afya. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake angekitafuta kwa miaka.

Sisi tulijisifia programu. Kijana wao mmoja wa kompyuta angeiandika ile programu kabla ya Idi. Wasichoweza kukiandika ni muuguzi wetu anayejua kwamba bibi wa Mtongwe hafungui mlango kabla ya adhuhuri, na kwamba dawa zake zinakaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, za asubuhi na za usiku zimechanganyika. Hicho ndicho tulichokuwa nacho, na kwenye slaidi zetu ishirini na mbili hakikutajwa popote.

Kama anayekuita ni kampuni ya dawa, zisome kwanza hadithi mbili za Marekani. Pear Therapeutics walitengeneza reSET, programu ya simu ya kuwasaidia watu wenye uraibu, ambayo daktari huiandika kama anavyoandika dawa. Mwaka 2018 Sandoz, watengenezaji wa dawa waliokuwa sehemu ya Novartis, walikubali kuiuza kwa niaba yao. Mwaka 2019 Sandoz wakajitoa, Pear wakabaki kuuza wenyewe, na Aprili 2023 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Proteus Digital Health nao walikuwa na kidonge chenye kitambuzi ndani yake, na pamoja na kampuni ya dawa ya Otsuka wakapata kibali cha Marekani Novemba 2017. Juni 2020 Proteus walikuwa mahakamani kwa kufilisika, na mali zao zikanunuliwa na huyo huyo Otsuka kwa dola milioni 15. Hao walikuwa na mamilioni ya dola na mawakili wa kila aina. Sababu za kuanguka kwao ni nyingi, lakini mshirika mkubwa anapobadili mawazo, yeye anapoteza ukurasa mmoja wa ripoti ya mwaka.

Hatua ya 4: Majaribio ya kulipwa, yenye siku ya mwisho

Majaribio ya bure hayana mwenyewe. Omba malipo hata yawe madogo, kwa sababu malipo yanailazimu LPO itoke, na LPO ikitoka maana yake umeshapita meza zote. Ukilipwa Sh150,000 za majaribio umenunua njia ambayo mkataba mkubwa utapita baadaye.

Andika ukurasa mmoja tu. Mahali pamoja, siku 90, kipimo kimoja ambacho hata mlinzi wa geti ataelewa: kati ya wafanyakazi 200 waliojiandikisha, wangapi walichukua dawa zao za mwezi wa mwisho wa majaribio? Halafu sentensi ambayo sisi hatukuiandika: ndani ya siku 14 baada ya majaribio kwisha watajibu kwa maandishi, na wakinyamaza, jibu ni hapana. Hiyo "hapana" ya kimya ni zawadi, kwa sababu inakuachia miezi ya kutafuta mwingine.

Na tazama kalenda ya hapa kwetu. Majaribio ya presha na sukari usiyaanze Ramadhani, saa za dawa zinahama kwenda futari na daku na takwimu zako hazitafanana na za mwezi mwingine wowote. Mahoteli usiyaendee Desemba; msimu umejaa na meneja wa wafanyakazi hata simu hapokei.

Hatua ya 5: Data ya mgonjwa, hapa usiwe na haraka

Siku moja ofisa wa wafanyakazi wa kampuni fulani aliniomba, kwa nia njema kabisa, orodha ya majina ya wenye presha ya juu. "Tuwasaidie, tuwapunguzie zamu za usiku." Nilitaka kumpa. Ndiye aliyekuwa akitushikia mlango. Usiku ule nikamfikiria dereva mmoja wa kreni aliyekuwa amemuuliza muuguzi wetu mara tatu kama bosi ataona. Kesho yake nikakataa, na kikao kilichofuata kikaahirishwa.

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za afya ni data nyeti. Kampuni ndogo zenye mapato ya chini ya Sh5 milioni na wafanyakazi wasiofika kumi husamehewa kujiandikisha kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini msamaha huo hauwahusu wanaotoa huduma kwa wagonjwa. Hata kama mko watatu, jiandikisheni.

Amueni kwa maandishi nani ni mdhibiti wa data, yaani anayeamua inatumika vipi, na nani ni mchakataji anayefanya kwa niaba yake. Hilo ndilo linaloamua wagonjwa ni wa nani siku mkiachana. Mkiandikwa wachakataji, data ni ya kampuni kubwa kuamua, na mkataba ukiisha mtairudisha au kuifuta. Kwa wagonjwa mliowapata wenyewe, msikubali. Data ikivuja, mchakataji anatakiwa kumjulisha mdhibiti ndani ya saa 48 inapowezekana, na mdhibiti ana saa 72 za kumjulisha Kamishna. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Na kama mshirika ana seva zake nje ya nchi, data nyeti haitoki Kenya bila ridhaa ya mwenyewe na uhakika wa ulinzi huko inakokwenda.

Majibu ya vipimo vya VVU yana sheria yake ya 2006 inayokataza kuyatoa bila ridhaa. Hayo usiyaweke kabisa kwenye mfumo unaoshirikiana na mwajiri.

Kwa mwajiri, toa jumla peke yake, na usitoe jumla ya kikundi chenye watu chini ya kumi. Idara ya kreni yenye watu wanne, ukiandika "wawili wana sukari", kabla ya chakula cha mchana bandari nzima imeshajua ni nani. Fomu ya ridhaa iwe nusu ukurasa, kwa Kiswahili cha mtaani, isomwe kwa sauti. Kurasa tisa za Kiingereza zilizotiwa dole gumba na mzee wa Likoni hazina ridhaa ndani yake.

Hatua ya 6: Vifungu vya kupigania

Hutashinda vyote. Chagua vinne.

Hakimiliki kwanza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inasema kazi iliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Wakikulipa uwaongezee kipengele kimoja kwenye programu na mkataba ukanyamaza, kipengele kile ni chao. Mkataba useme wazi kwamba programu na maboresho yake yote ni yako, wao wana leseni ya kutumia.

La pili ni upekee. Watakuomba usifanye kazi na washindani wao. Ukikubali, upekee uwe wa eneo na muda: waajiri wa bandarini peke yao, miezi sita, na ulipiwe kila mwezi. Upekee wa bure wa "Afrika Mashariki yote" niliwahi kuuona kwenye rasimu ya kampuni ambayo haikuwa hata na ofisi Mtwapa.

La tatu, malipo. Siku 30 baada ya invoisi, na sehemu ya kwanza ilipwe LPO ikitoka. Wakisema sera yao ni 90, omba 45 na malipo ya awali ya theluthi. Mtu asikuambie huna pa kushika: tangu marekebisho ya 2019, Sheria ya Ushindani inahesabu kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, na kuvunja mkataba kiholela bila notisi, kuwa ni matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi, na malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Ushindani. Pia toa invoisi ndogo za kila mwezi badala ya moja kubwa. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Dai la Sh3 milioni litakupeleka kwingine, na huko utazeeka.

La nne, kuvunja mkataba. Notisi ya siku 60 kwa pande zote mbili, na kazi iliyokwisha fanywa ilipwe hata wakijitoa.

Hatua ya 7: Faili moja ya vibali

Cheti cha kampuni, cheti cha kodi, leseni za wauguzi kutoka Baraza la Wauguzi, kibali cha kituo kama mnacho, cha Bodi ya Famasia na Sumu kama mnagusa dawa au vifaa tiba, cheti cha Kamishna wa Data, na maelezo ya namna mnavyofuata Sheria ya Afya Dijitali ya 2023. Viweke pamoja kabla hujaulizwa. Kila karatasi inayokosekana ni wiki mbili za kungoja.

Ushahidi kwamba vipimo vyenu ni sahihi uweke juu kabisa. Tangu Walgreens, wenye maduka ya dawa Marekani, walipoingia ushirika mwaka 2013 na Theranos, kampuni changa ambayo vipimo vyake vya damu vilikuja kuonekana si vya kutegemewa, wakafungua vituo vya kupima damu madukani mwao na kuishia mahakamani, idara za sheria za dunia nzima zimekuwa na wasiwasi, na ni haki yao.

Hatua ya 8: Panga kuachana mkiwa bado marafiki

Mkataba ukiisha, mgonjwa wa presha hafahamu habari za LPO. Anajua muuguzi hakuja Jumanne. Kwa hiyo weka kwenye mkataba miezi miwili ya kukabidhi wagonjwa, yenye bajeti yake, na taja kituo watakakokwenda, iwe zahanati ya karibu au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wao. Tangu Septemba 2023 wahudumu hao wana vifaa vya kupimia presha na sukari, na wengi watakubali kumpokea mgonjwa ukimpeleka na kadi yake mkononi.

Ujumbe wa kuwaaga uandike siku mnayotia saini. Wetu tuliuandika saa tano usiku siku ya mwisho, tukautuma kwa namba zote tulizokuwa nazo, na asubuhi tukakuta sehemu kubwa haikufika. Laini zilikuwa zimeshabadilishwa na hakuna aliyekuwa amezikagua. Muuguzi wa Likoni ilibidi azunguke nyumba kwa nyumba wiki nzima, bila mshahara, akiwa na orodha ya mkono. Namba za wagonjwa zikague kila mwezi, na kwa kila mgonjwa chukua namba ya pili, ya mwana au ya jirani.